Mkono wa Mama haumtii: nikubali apimwe kwa sumaku?

Shangazi,

Mimi ni msomaji wako kutoka Tanga, ila kwa sasa naishi Ujerumani na mume wangu na nafanya kazi katika nyumba ya wazee. Mama yangu ana miaka 66. Mwaka juzi mkono wake wa kushoto ulianza kuwa mzito, akawa anaangusha vikombe. Tukadhani ni kiharusi. Baadaye ukakakamaa, ukawa unashtukashtuka. Siku hizi una mambo yake wenyewe: Mama akijifunga kanga kwa mkono wa kulia, wa kushoto unaifungua. Akipita mlangoni unashika kitasa na hauachii mpaka aje mtu aubandue kidole kimoja kimoja. Yeye mwenyewe huuchapa kofi na kuuliza, "Wewe, nani kakutuma?"

Nilimleta huku kwa viza ya matembezi. Daktari wa neva alimpa dawa za Parkinson, akazimeza wiki kadhaa, hakuna kilichobadilika. MRI ikaonyesha ubongo umesinyaa, zaidi upande wa kulia. Sasa wanashuku ugonjwa mwingine ambao jina lake hata sijaweza kulishika, na wanamwomba aingie kwenye utafiti: watamwekea sumaku kichwani wapime kama upande mmoja wa ubongo bado unawasiliana na wa pili kuhusu mikono. Wamesema wazi kwamba hiyo si tiba.

Nyumbani nako kunawaka moto. Mama mdogo na kaka yangu mkubwa wanasema ni jini la kutumwa, na wanayemnyooshea kidole ni wifi yangu, mke wa kaka yangu wa pili, kwa sababu kanga aliyompa Mama siku ya Idi ndiyo ya kwanza kufunguliwa na mkono ule. Wifi amerudi kwao Pangani na watoto. Wanataka nimrudishe Mama haraka akasomewe. Wanadai sumaku itamchafua jini na kumtia Mama wazimu.

Nikubali? Kama kipimo hakimponyi, ni cha nini? Na Mama nimwambie ukweli kiasi gani?

Binti wa Chumbageni

Mwanangu, pole sana. Barua yako ilikuwa ndefu kuliko hivi. Nimeacha yale ambayo majirani zenu wangeyatambua.

Nianze na kanga, maana ndiyo iliyomtoa wifi yako nyumbani kwake. Mkono unaofungua kile ambacho mwenzake amefunga ni jambo ambalo madaktari wa neva wameliandika kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1908 daktari Mjerumani, Kurt Goldstein, alieleza habari za mwanamke wa makamo ambaye mkono wake wa kushoto ulimkaba koo yeye mwenyewe, ikabidi ubanduliwe kwa nguvu. Aliupiga, akausemesha, akaona kuna pepo ndani yake. Hakuzaliwa Tanga, wala hakuna aliyempa kanga. Alikuwa amepata kiharusi. Mwaka 1972 madaktari wawili wa Kifaransa, Brion na Jedynak, walieleza wagonjwa wenye uvimbe katikati ya ubongo ambao, wakishikanisha mikono mgongoni, hawakuutambua mkono mmoja kuwa ni wao. Tangu hapo jina la "mkono mgeni" likaenea katika vitabu vya udaktari. Wagonjwa wa nchi na dini mbalimbali wameeleza kisa kilekile: mkono wa kulia unafunga vifungo vya shati, wa kushoto unavifungua. Kwao vifungo, kwenu kanga. Mkono hufungua kilichopo, na mama wa Kitanga kilichopo mwilini mwake mchana kutwa ni kanga. Ingekuwa ajabu kama usingeanza nayo.

Sasa ubongo wenyewe. Una pande mbili, na kila upande huamuru zaidi mkono wa upande wa pili: wa kulia huamuru mkono wa kushoto, wa kushoto huamuru wa kulia. Pande hizo zimeunganishwa katikati na bapa nene la nyuzi za neva liitwalo korpasi kolosamu, lenye nyuzi zinazokadiriwa kufika milioni 200. Wengi wakisikia "kuunganishwa" hudhani kazi yake ni kupeleka habari tu, upande huu uambie ule. Kwa habari ya mikono, sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuzuia. Umewaona wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja kwa michi miwili: ustadi wao uko katika kuuzuia mchi juu mpaka wa mwenzake utoke. Hali kadhalika, upande wa ubongo unaotaka kutumia mkono wake huutuliza kwanza upande wa pili, ili mkono usiohusika usijitie katikati.

Watoto wadogo bado hawajafika hapo. Mwambie mtoto wa miaka minne agusishe kidole gumba na vidole vingine vya mkono mmoja, harakaharaka, nawe utazame mkono wa pili. Nao utachezacheza bila kuambiwa. Akikaribia miaka kumi jambo hilo linakwisha, kwa sababu kolosamu yake imekomaa. Kuna magonjwa ya ubongo yanayomrudisha mtu mzima huko kwa mlango wa nyuma, na naona madaktari wa Mama wanashuku mojawapo.

Kwa maelezo yako, jina uliloshindwa kulishika huenda ni sindromu ya kotikobazali. Mimi nimefanya kazi ya fiziotherapia, si daktari wa neva, wala sijamwona Mama. Waulize wakuandikie jina hilo kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Kama ndilo, basi habari zake ni hizi. Ugonjwa huo ulielezwa kitabibu mara ya kwanza na madaktari watatu waliokuwa Marekani, Rebeiz, Kolodny na Richardson, katika makala ya mwaka 1968 kuhusu wagonjwa watatu tu. Ni ugonjwa wa nadra. Kwa kawaida huanza baada ya miaka 50 au 60, tena upande mmoja wa mwili: mkono unakuwa mzito, unakakamaa, unashtukashtuka, unasahau ufundi wake. Mtu anakijua kijiko, anaijua kazi ya kijiko, ila mkono haujui tena uanzie wapi. Ndani ya chembe za ubongo hurundikana protini iitwayo tau, chembe zinakufa, sehemu hiyo inasinyaa, na nyuzi zilizokuwa zikitoka hapo kuvuka kolosamu zinakufa pamoja nazo. Wakati mwingine, nyuma ya dalili hizohizo, chanzo kinakutwa ni ugonjwa wa Alzheimer. Hauambukizi. Mara nyingi haurithiwi. Na dawa ya levodopa, inayowasaidia sana wagonjwa wa Parkinson, hapa husaidia kidogo au haisaidii kabisa. Kwa hiyo zile wiki za vidonge hazikupotea: kukosa nafuu kwenyewe kumewapa madaktari habari.

(Kabla hujaniuliza: ndiyo, upupu una levodopa ndani yake, jambo hilo ni kweli na limechunguzwa. Lakini kama vidonge vya hospitali vyenye kipimo kinachojulikana havikumfaa Mama, unga wa upupu wa kutumiwa kutoka nyumbani hautamfaa zaidi. Mwambie kaka asihangaike.)

Tuje kwenye sumaku. Mashine hiyo haikuzuka jana. Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliionyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1985: koili ya waya wa shaba inashikiliwa juu ya kichwa, umeme mkali unapitishwa ndani yake kwa muda mfupi sana, sumaku inazaliwa na kufa papo hapo, na mabadiliko hayo yanaamsha umeme mdogo kwenye ubongo ulio chini yake. Hakichomwi kitu, hakuna sindano, fuvu haliguswi na umeme wenyewe. Nguvu ya sumaku hiyo inakaribia ile ya mashine ya MRI ambayo Mama tayari amelala ndani yake. Kama MRI haikumchafua jini, hii nayo haitamchafua.

Mama ataketi kwenye kiti chenye mahali pa kuegemeza kichwa. Watambandika vibandiko vidogo vya kusoma umeme wa misuli kwenye mikono yote miwili, juu ya ule msuli ulioko kati ya kidole gumba na cha shahada, unaotuna unapobana kitu. Watatafuta kwa koili ile sehemu ya ubongo inayochezesha kidole, kila pigo litalia "ta!" kama mtu anayegonga meza kwa ukucha, na kidole cha mkono wa upande wa pili kitaruka. Hapo ndipo watu wengi hucheka. Wakishapata mahali, wanamwambia akaze kidole, abane kitu laini kwa nguvu yote, na kwenye kompyuta utaona mstari wa msuli ule umejaa nywele nyingi, juu chini, bila kupumzika.

Sasa sikiliza, maana utamu wa kipimo uko hapa. Tuseme koili iko upande wa kulia wa kichwa, na mkono unaokazwa ni wa kulia pia. Mkono huo haupati amri kutoka upande uliopigwa. Unaamriwa na upande wa kushoto. Lakini lile pigo la kulia linavuka kolosamu, linafika kushoto na kuutuliza upande ule. Matokeo yake ni kwamba mstari wa mkono wa kulia, uliokuwa umejaa nywele, unalala ghafla ukawa bapa, kisha unarudi. Ukimya huo huanza takriban milisekunde 30 hadi 40 baada ya pigo na hudumu milisekunde 20 au 30 hivi. Mama mwenyewe hatausikia. Kwa kulinganisha, pigo linaloshuka moja kwa moja mpaka kwenye vidole hutumia milisekunde 20 au zaidi kidogo. Ziada iliyobaki ndiyo muda wa kuvuka.

Tumejuaje kwamba kweli inavuka hapo? Mwaka 1995 watafiti wa Ujerumani walichapisha vipimo vya watu wenye hitilafu kwenye kolosamu, wakiwemo waliozaliwa bila kolosamu. Mikono yao ilikuwa na nguvu, vidole viliruka vilipopigwa, lakini kwa waliokosa kolosamu ule ukimya haukuwepo. Miaka mitatu kabla, 1992, Ferbert na wenzake walikuwa wamefika mahali hapohapo kwa njia nyingine: koili mbili, moja kila upande, ya kwanza inatangulia kwa milisekunde 10 hivi, na ya pili inakuta ubongo umeshanyamazishwa, kidole kinaruka kwa unyonge. Huenda Mama akapimwa kwa njia zote mbili.

Jambo moja litakalompa moyo: ili kupima upande wa kulia wa ubongo, ambao ndio mgonjwa, anayefanya kazi ni mkono wa kulia, ambao ndio mzima. Hatalazimishwa kubana chochote kwa ule mkono mkaidi katika sehemu hiyo ya kipimo. Upande wa pili utakuwa mgumu zaidi kwake, na kama mkono wa kushoto hautulii, wanaweza wasipate jibu. Mwambie mapema kwamba hilo halitakuwa kosa lake.

Na majibu yatasema nini? Mwaka 2004 watafiti wa Kijerumani walilinganisha makundi ya wagonjwa. Kwa wenye Parkinson ya kawaida, ukimya ule ulikuwepo; kwa wenye ugonjwa wa kotikobazali na wale wa ugonjwa mmoja wa karibu nao, unaowazuia watu kutazama juu na chini na kuwaangusha chali, ulikuwa umeharibika. Tafiti za ugonjwa wa neva za mwendo, ule aliokuwa nao mwanafizikia Stephen Hawking, nazo zimekuta ukimya umepungua au haupo. Kwa hiyo wakimpima Mama wakaona mstari haulali, watakuwa wamepata ushahidi mmoja zaidi kwamba nyuzi zinazovuka zimeharibika, na kwamba dawa za Parkinson zisiongezwe kwa kubahatisha.

Ushahidi mmoja, mwanangu, si hukumu. Ukimya unaweza kukosekana kwa sababu nyingine, ikiwemo ugonjwa wa kinga kushambulia ubongo. Unabadilika kwa umri. Kila maabara ina mkono wake wa kupima. Kwa magonjwa haya hakuna namba inayokubalika duniani kote kwamba chini ya hapa ni ugonjwa na juu yake ni salama. Ndiyo maana wanaita utafiti, na kwangu hiyo ni dalili ya watu waaminifu. Angekuja mtu na sumaku ya kulipia, akiahidi kuupata ugonjwa na kuutoa kwa kikao kimoja, ningekuambia mshike Mama mkono mtoke.

Umeuliza ni cha nini kama hakiponyi. Kwa Mama, faida yake ni ndogo na ya upande mmoja: kinasaidia kulipa tatizo jina. Jina hilo, kwa kiasi kikubwa, madaktari wameshalifikia bila sumaku. Nina hakika daktari alimfumba Mama macho akamtia ufunguo au sarafu kwenye kiganja cha kushoto na kumuuliza ni nini. Alimgusa kidole cha mkono mmoja uliofichwa mgongoni akamwambia aonyeshe kilekile kwa mkono mwingine. Alimwigizia ishara za mikono azifuate, akamwambia aonyeshe jinsi ya kupiga mswaki bila mswaki. Hivyo ndivyo mkono unavyosailiwa kitandani, na havihitaji umeme wala Ulaya. Faida kubwa ya kipimo cha sumaku ni ya watu watakaougua baadaye, pale itakapopatikana dawa na madaktari wakahitaji kujua mapema nani apewe. Mtu anaweza kukubali kwa sababu hiyo. Anaweza pia kukataa kwa sababu amechoka, na kukataa kusipunguze hata nukta moja ya matibabu yake. Hilo waambie walithibitishe kwa maandishi.

Ndipo nafika kwenye neno lako "nikubali". Hilo nalikataa. Kichwa ni cha Mama, na kwa barua yako akili zake ni timamu: anauliza, anakasirika, anakumbuka nani alimpa kanga ipi. Karatasi ya ridhaa wameandika Kijerumani. Omba mkalimani wa Kiswahili asiye ndugu, maana wewe ukitafsiri utaruka maneno yanayouma, sote tungeyaruka. Mama aulize mwenyewe. Aambiwe anaweza kusimamisha kipimo katikati kwa kuinua kidole. Naye awaambie kama ana chuma kichwani, mashine ya moyo, kifaa cha kusikilia kilichopandikizwa sikioni, au kama amewahi kupata kifafa. Hao hawapimwi ovyo. Pigo mojamoja kwa mtu asiye na hayo ni salama, na kinachobaki ni makelele, ambayo huzibiwa masikio, na pengine kuumwa kichwa kidogo.

Mambo ya mtandio na nywele usiyaone madogo. Koili hukaa juu ya ngozi ya kichwa, hivyo mtandio utavuliwa. Ombeni chumba cha faragha na mpimaji mwanamke, kwa kawaida ombi hilo hueleweka. Nywele za kufumua au rasta nene huiweka koili mbali na ubongo, halafu wanalazimika kuongeza nguvu. Msuke twende kilioni siku moja kabla. Hereni na vibanio avue.

Ukweli umwambie kiasi gani? Wote anaouomba, kwa mpangilio anaouomba. Anza na ule unaomfaa leo: mkono huu si mtu, hakuna aliyeutuma, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuzuia imeugua. Nimewaona wagonjwa wakishusha pumzi kwa kusikia hilo tu, kwa kuwa walikuwa wakijiogopa. Kwamba ugonjwa unasonga mbele, kwamba dawa ya kuuzuia haijapatikana, kwamba wengi huishi miaka sita hadi minane hivi tangu dalili kuanza, wapo waliozidi na waliopungukiwa: hayo mjibu akiuliza, na usimdanganye. Wewe unafanya kazi na wazee. Unawajua wanaouliza na wanaogeuza uso ukutani.

Kwa mkono wenyewe, kuna mambo ya kufanya tangu kesho. Upe kazi: kitambaa kilichokunjwa au mpira laini kiganjani unapotembea naye, mkono uliojaa haukamati vitasa. Mvalishe dera nyumbani. Vita vya kanga vitakwisha siku hiyohiyo. Mkono ukishika kitu, usiuvute, maana ukivutwa hukaza zaidi. Papasa mgongo wa kiganja taratibu, vidole vitalegea. Aongee nao kwa utulivu, "achia," bila makofi. Asikaange peke yake. Kuna dawa za kupunguza kushtuka, na sindano za kulegeza misuli iliyokaza mpaka kucha zinachoma kiganja, ziulizie sasa. Fiziotherapia ianze kabla hajaanza kuanguka. Akianza kupaliwa na chai, usingoje, mwone mtaalamu wa kumeza.

Kuhusu viza. Siku 90 si nyingi na bima ya wageni ina mipaka yake, soma mkataba vizuri. Kipimo cha utafiti kisiwagharimu chochote, waulize waziwazi, pamoja na nauli. Usiuze kiwanja wala usikope kwa ajili ya sumaku. Kilicho cha thamani zaidi kuliko kipimo ni ripoti kamili kwa Kiingereza, ya kwenda nayo KCMC Moshi au Muhimbili, wanakojua magonjwa haya. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wilayani Hai, Kilimanjaro: katika watu zaidi ya 160,000 walipatikana 33 wenye Parkinson, na wengi wao hakuna aliyekuwa amewahi kuwaambia wanaumwa nini. Hao nao, usishangae, walikuwa na ndugu wenye majibu tayari.

Sasa kaka na Mama mdogo. Sikwambii ubishane nao habari za majini. Hutashinda, na Mama ndiye atakayesikia kelele. Kisomo hakimdhuru. Wakitaka kumsomea kwa simu leo, wamsomee, na yeye pengine atapata utulivu. Masharti yangu ni machache: asifukizwe mafusho akakohoa, asifungwe kamba mkono, asiachishwe dawa wala chakula, kombe anywe taratibu akiwa ameketi wima. Na asitajwe mtu. Msomaji atakayetaja jina la mtu, simu ikatwe.

Mrekodi Mama kwa simu yako siku ambayo mkono unafungua dera au unashika kitasa cha mlango wa huko Ujerumani, mlango ambao wifi yako hajawahi kuuona, ila kwanza umwombe Mama ruhusa na umfunike vizuri. Mtumie kaka mkubwa video hiyo, yeye peke yake, usiitupe kwenye kundi la familia. Halafu mpigie. Mweleze habari za yule mwanamke wa 1908. Mwambie daktari amesema nini, na umtumie karatasi yenye jina la ugonjwa. Akisema bado ana shaka, mwache na shaka yake. Usichomruhusu ni kuendelea kuwalipisha shaka hiyo mke wa ndugu yake na watoto ambao sijui hata kama wanakwenda shule huko Pangani.

Na kaka yako wa pili, aliyenyamaza mkewe akifukuzwa, huyo ningependa aniandikie mwenyewe. Asipoandika, mwambie hivi: aende Pangani na mzee mmoja wa upande wenu, aombe radhi mbele ya wakwe, arudi na mke na watoto kabla Mama hajapanda ndege. Mama atahitaji mtu wa kumvalisha, na kwa barua yako, wifi ndiye aliyekuwa akifanya kazi hiyo.